Kuitembelea Petra bila kuishia kwenye Khazneh

Ile picha ya Petra, mji wa kale wa Yordani, ambayo karibu kila mtu ameiona, uso wa jengo la rangi ya waridi unaochungulia mwishoni mwa korongo jembamba liitwalo Siq, ni ya Al-Khazneh. Wengi hawajui kwamba Khazneh iko mwanzoni kabisa mwa mji. Kutoka kituo cha wageni hadi pale ni kama kilomita 2, na mji wenyewe unaanzia hapo. Mabasi ya ziara za siku moja humwaga watu asubuhi ikiwa imeshasonga. Wanatembea mpaka Khazneh, wanapiga picha, wanasogea kidogo hadi makaburi ya jirani, kisha wanageuza kwa sababu jua limekuwa kali na dereva anawasubiri. Wamelipa tiketi ya bei ya juu na wameishia barazani.

Anayetaka kuingia ndani anahitaji siku mbili. Siku moja inawezekana kama huna namna, lakini itabidi uchague mlima mmoja tu na uingie lango linapofunguliwa. Siku tatu ni za mpenda historia au mpenda kutembea milimani, na hatajuta.

Petra iko kusini mwa Yordani, ubavuni mwa mji mdogo wa Wadi Musa. Waliouchonga ni Wanabatea, Waarabu waliotajirika kwa misafara ya ubani na manemane kutoka kusini mwa Bara Arabu. Mwaka 106 Warumi wa Kaisari Trajan waliumeza ufalme wao. Mwaka 363 tetemeko la ardhi likaangusha sehemu kubwa ya mji, na biashara ilikuwa imeshahamia njia nyingine. Vitabu vingi husema mji "uligunduliwa" mwaka 1812 na Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, aliyejifanya Mwislamu mwenye nadhiri ya kuchinja mbuzi kwenye kaburi la Nabii Harun. Ukweli ni kwamba Wabedui wa hapo hawakuwahi kuupoteza. Baadhi yao waliendelea kuishi kwenye mapango yake hadi miaka ya 1980, walipohamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, wakati Petra ilipoingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 1985.

Msomaji aliyezoea kusikia habari za Thamud na Nabii Saleh asichanganye miji. Ule ni Al-Hijr, au Mada'in Saleh, kaskazini-magharibi mwa Saudi Arabia. Makaburi yaliyochongwa yanayoonekana pale leo nayo yana maandishi ya Kinabatea ya karne ya 1, na ukiisha kuiona Petra utaitambua mikono ileile. Lakini ni safari nyingine na nchi nyingine.

Tiketi, na hesabu ya kufanya kabla ya kupanda ndege

Tiketi ya Petra ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili na 60 kwa siku tatu, kwa mgeni anayelala Yordani. Anayeingia nchini na kwenda Petra siku hiyohiyo bila kulala hutozwa dinari 90. Watoto chini ya miaka 12 hawalipi. Dinari ya Yordani ina nguvu kuliko dola: imefungwa kwenye kiwango kinachofanya dinari 1 iwe takriban dola 1.41 za Marekani, kwa hiyo usisome 50 ukafikiria dola 50. Ni dola 70. Angalia pia jinsi bei ilivyopangwa: siku ya pili inaongeza dinari 5 tu. Ukishafika Wadi Musa, kununua tiketi ya siku moja ni kubana pasipobanika.

Kuna hati inayoitwa Jordan Pass, inayonunuliwa mtandaoni kabla ya kuingia nchini. Ni dinari 70 ikiwa na siku moja ya Petra, 75 kwa siku mbili, 80 kwa siku tatu. Inafuta ada ya viza ya dinari 40 mradi ulale nchini angalau usiku 3, na inakuingiza pia Jerash, Wadi Rum, ngome ya Karak na maeneo mengine mengi. Fanya hesabu: viza 40 na tiketi ya siku mbili 55 ni 95, wakati hati ni 75. Ila isomwe vizuri. Hati hii inafuta ada, haikupi ruhusa. Kama pasipoti yako ni ya nchi ambayo raia wake wanatakiwa kuomba viza mapema, utaiomba kama kawaida, na ulizie ubalozi kabla hujatoa pesa. Ukiinunua baada ya kugongewa muhuri uwanja wa ndege, umechelewa, ada ya viza hairudi.

Dirishani utaombwa pasipoti, kwa hiyo usiiache hotelini.

Kutoka Amman hadi Wadi Musa ni kama saa 3 kwa gari kupitia Barabara Kuu ya Jangwani, na kutoka Aqaba ni kama saa 2. Barabara ya Wafalme, inayopita milimani kwa Madaba na Karak, ni nzuri mno kwa macho lakini inakula karibu siku nzima. Mabasi ya kampuni ya JETT huondoka Amman asubuhi mapema sana na kurudi jioni. Kuna pia mabasi madogo ya kituo cha kusini cha Amman ambayo huondoka yakijaa, na kujaa kwenyewe hakuna ratiba. Vyovyote utakavyosafiri, fika jana yake ukalale. Anayefika na basi la asubuhi amekwisha kupoteza saa zilizo bora kuliko zote za siku.

Jua ndilo ratiba

Lango hufunguliwa saa 12 asubuhi. Kufungwa kunafuata msimu: kiangazi ni jioni ya saa 12 hivi, kipupwe huvutwa nyuma hadi kama saa 10. Kati ya hapo, kila jengo kubwa lina saa yake, kwa sababu yamechongwa kwenye miamba inayotazama pande tofauti.

Khazneh inatazama mashariki na imezibwa na ukuta wa korongo mbele yake. Jua huipiga usoni kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, kisha inarudi kivulini hadi siku iishe. Makaburi ya Kifalme na Ad-Deir, lile jengo kubwa la juu mlimani linaloitwa pia Monasteri, yanatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi yamelala kivulini na alasiri ndiyo rangi inawaka. Hii ndiyo sababu mpango wa kukimbilia Ad-Deir asubuhi na kurudi Khazneh jioni, ambao watu wengi hujitungia, unaharibu picha za pande zote mbili. Kitu kimoja tu kinautetea: wakati wa joto kali, asubuhi kuna ubaridi zaidi wa kupanda ngazi za Ad-Deir. Mwezi Julai au Agosti chagua ubaridi, achana na picha.

Miezi mizuri ni Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Petra iko juu, karibu mita 900 kutoka usawa wa bahari na zaidi, kwa hiyo Desemba na Januari kuna baridi ya kweli, mara nyingine hata theluji. Hata Aprili, ukiingia alfajiri, Siq ina ubaridi wa kutaka sweta, na saa nne baadaye sweta imekuwa mzigo.

Kuingia: kutoka lango hadi Khazneh

Mita 800 za kwanza ni barabara ya wazi yenye mteremko mdogo, na wengi huipita haraka. Upande wa kulia kuna miamba mitatu ya mraba, iliyotenganishwa na mlima na kusimama peke yake kama masanduku makubwa. Wenyeji huiita miamba ya majini, yaani ya mapepo. Mbele kidogo, kushoto, kuna kaburi lenye minara minne ya jiwe juu yake, na chini yake ukumbi wa karamu za kuwakumbuka wafu. Majengo mengi utakayoyaona yamechongwa kwa ajili ya maiti. Makazi ya walio hai yalijengwa kwa mawe na kuta za kawaida, na tetemeko liliyapiga zaidi. Ndiyo maana mji unaonekana kama makaburi matupu.

Mwisho wa barabara hiyo kuna ukuta wa bwawa, na kuliani tundu la handaki ndani ya mwamba. Wanabatea walilitoboa, lenye urefu wa zaidi ya mita 80, ili maji ya mvua yanayoshuka Wadi Musa yasiingie Siq bali yageuke na kuzunguka mlima. Bwawa na handaki hilo ndivyo vilivyowezesha mji kukaliwa. Mwaka 1963, bwawa la kale likiwa limekwisha kuharibika, mafuriko ya ghafla yaliingia Siq na kuua watalii zaidi ya 20 wa Kifaransa. Baadaye ukuta ukajengwa upya. Hata hivyo Novemba 2018 maji yalijaa tena bondeni na maelfu ya wageni wakaondolewa. Kwa hiyo kati ya Oktoba na Aprili tazama utabiri wa hali ya hewa, na usiutazame wa Wadi Musa peke yake. Mvua inaweza kunyesha kwenye milima ya mashariki wakati juu yako kuna jua. Walinzi wakipiga mayowe ya kutoka, toka au panda juu. Usikimbilie kuvuka.

Siq yenyewe ina urefu wa kilomita 1.2. Mahali pengine upana wake ni mita 3 tu, na kuta zinapanda hadi mita 80 na zaidi. Haikuchimbwa na watu. Ni mlima uliopasuka, kisha maji yakalainisha kingo. Tembea polepole na utazame usawa wa kiuno na goti. Upande mmoja kuna mfereji uliochongwa ukutani, upande wa pili kuna mabaki ya mabomba ya udongo wa kuchoma yaliyounganishwa kipande kwa kipande na kupigwa plasta. Maji ya chemchemi ya Ain Musa yalipita humo kwenda mjini. Mteremko wa mabomba umepimwa uwe mdogo na sawasawa, maana maji yakienda kwa nguvu hupasua maungio, yakienda taratibu mno huacha mchanga na kuziba. Sehemu chache bado zina mawe ya sakafu ya zamani. Ukutani kuna pia mchongo wa ngamia na mtu anayewaongoza. Sehemu za juu zimelika kabisa. Zimebaki nyayo, miguu na matumbo ya ngamia, na mfereji wa maji unapita nyuma yao. Ukiupita bila kuujua huuoni, kwa sababu macho yote yanasubiri Khazneh itokee.

Khazneh, na jinsi jiwe lilivyokatwa

Uso wa Khazneh una kimo cha karibu mita 40 na upana wa mita 25. Ndani hupaingii, pamezuiwa kwa sababu jasho na pumzi za watu zinaharibu jiwe. Hukosi kitu kikubwa: ni vyumba vitupu vya mraba. Kazi yote iko nje.

Simama katikati ya uwanja kisha utazame kingo za kushoto na kulia za uso wa jengo. Utaona safu za vishimo vya mraba vikipanda wima, kimoja juu ya kingine. Wataalamu wengi huvichukulia kuwa vya kukanyagia mafundi au kushikia majukwaa yao. Kazi ilianzia juu ikashuka. Fundi alisawazisha mwamba, akakata ukingo wa kusimamia, akachonga paa na vichwa vya nguzo kwa tindo, halafu akashuka hatua moja na kuendelea. Faida yake ni kwamba mawe yanayoanguka hayavunji kazi iliyokwisha kumalizika, na mwamba wa chini ndio jukwaa. Hasara yake ni kwamba kosa la juu halina dawa. Huwezi kubandika jiwe kwenye mlima.

Ushahidi ulio wazi kuliko huo uko mwisho wa mji, chini ya kilima cha Al-Habis karibu na hekalu la Qasr al-Bint: kaburi ambalo halikumalizwa. Juu kuna vichwa vya nguzo vilivyokatwa vizuri, na chini yake ukuta mtupu wa mlima, kana kwamba mafundi wametoka kwenda kula. Wageni wachache mno wanafika hapo, na mimi ningeuza muda wa nusu saa wa Khazneh kwa ajili yake.

Lile chungu la jiwe lililo kileleni mwa Khazneh lina alama za risasi. Wabedui wa zamani waliamini lina hazina ya Firauni ndani, wakalipiga wakitumaini limwage dhahabu. Ni jiwe gumu tupu. Hazina ya kweli ilikuwa chini ya miguu ya watu: uwanja wa leo uko mita kadhaa juu ya ule wa Wanabatea, kwa sababu ya mchanga ulioletwa na mafuriko. Uchimbaji wa mwaka 2003 ulifunua makaburi chini yake, na ule wa 2024 ukapata kaburi jingine lenye mifupa ya watu 12. Kuna wavu wa chuma sakafuni unaokuwezesha kuchungulia.

Hapo uwanjani utafuatwa na watu wanaojitolea kukupandisha "mahali pa picha" kwenye miamba iliyo mkabala na Khazneh. Njia hizo haziruhusiwi na mamlaka ya hifadhi. Ni mwamba mtupu wenye mchanga unaoteleza, na bei hubadilika mkishafika juu. Njia halali ya kuiona Khazneh kutoka juu ipo, nayo ni Al-Khubtha.

Milima mitatu

Al-Khubtha huanzia upande wa Makaburi ya Kifalme, mbele ya lile la mwisho linaloitwa Kaburi la Kasri. Kuna ngazi za mawe mamia kadhaa, kupanda ni dakika 45 hadi saa 1, na katikati utaona ukumbi wa maonyesho wa kale ukiwa chini yako wote. Mwisho wa njia kuna hema la chai ukingoni kabisa, Khazneh ikiwa chini. Mwenye hema anatarajia ununue chai, nunua. Ili uwahi jua likiwa usoni mwa Khazneh, uwe umeanza kupanda kabla ya saa 3 asubuhi. Unarudi njia uliyojia. Hakuna ya kushukia Siq kutoka pale, na anayekuambia ipo anakuuzia njia ya mbuzi.

Mahali pa Juu pa Sadaka panaanzia kushoto, kabla kidogo ya ukumbi wa maonyesho. Ukumbi huo nao usiupite haraka: ulichongwa mlimani karne ya 1, na ukutani nyuma ya viti kuna matundu ya makaburi ya zamani zaidi yaliyokatwa katikati ili kuupisha. Kupanda ni kama dakika 45. Karibu na kilele kuna nguzo mbili za jiwe zenye kimo cha mita 6 hivi. Hazikusimamishwa pale. Mafundi waliondoa kilele chote cha mlima wakaziacha mbili hizo. Juu kabisa kuna madhabahu, na mfereji uliokatwa kwenye jiwe.

Kosa la kawaida hapa ni kushuka njia ileile. Shuka upande wa pili, kupitia Wadi Farasa. Utapita simba mkubwa aliyechongwa ukutani, ambaye maji yalitoka kinywani mwake, kisha Kaburi la Askari na ukumbi wa karamu mkabala nalo, ambao ndani yake mistari ya rangi ya jiwe ni mizuri kuliko popote mjini. Rangi hizo, nyekundu, zambarau, njano na nyeupe, zinatokana na oksidi za chuma na manganizi zilizopenya mchanga kabla haujawa jiwe na baada yake. Usizisugue kwa kidole. Jiwe mchanga huachia punje kwa mguso tu. Kwa nini kupanda kwa mbele na kushuka kwa nyuma, na si kinyume chake? Ngazi za mbele zinaeleweka na huwezi kupotea. Za Farasa zimelika, lakini ukiwa unashuka unaliona bonde na kujua unakoelekea. Utatokea karibu na Qasr al-Bint, bila kurudia hatua hata moja.

Ad-Deir ni wa tatu, na ndio mrefu. Kutoka mgahawa wa bondeni, ngazi ni kama 800, dakika 45 hadi saa 1 kwa mtu asiye na haraka. Uso wake ni mpana na mrefu kuliko Khazneh, karibu mita 47 kwa kila upande, na una mapambo machache, jambo linaloufanya uonekane mzito zaidi. Wakati wa kiangazi, ufike kabla ya saa 9 alasiri au saa 9 yenyewe. Nyuma yake kuna vibao vinavyoelekeza kwenye mitazamo ya "mwisho wa dunia". Kimoja kinatosha, kile kinachoonyesha bonde la Wadi Araba.

Sasa piga hesabu ya kurudi, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Kushuka kutoka Ad-Deir ni dakika 40. Kutoka mgahawa hadi lango ni kilomita 4, na ardhi inapanda taratibu wakati wewe umekwisha kuchoka: weka saa 1 na nusu. Kwa hiyo ondoka Ad-Deir saa 2 na robo kabla ya muda wa kufunga, na wakati wa baridi hilo linamaanisha kupanda kabla ya saa 6 mchana.

Kwa siku mbili, ningepanga hivi: siku ya kwanza Siq alfajiri, Al-Khubtha, Makaburi ya Kifalme, barabara ya nguzo, kisha Ad-Deir alasiri. Siku ya pili Mahali pa Juu pa Sadaka, Wadi Farasa, kaburi lisilomalizwa, Hekalu Kubwa na kanisa. Kanisa hilo la enzi za Bizanti, lililoezekwa paa la kisasa, lina sakafu za vigae vya rangi zenye wanyama, na ndiko mwaka 1993 zilikopatikana hati za mafunjo karibu 140 zilizounguzwa na moto, za Kigiriki. Hekalu Kubwa lilikuwa na nguzo zenye vichwa vya tembo. Vitafute vipande vyake.

Wanyama, pesa na miguu

Tiketi inajumuisha kupanda farasi kutoka lango hadi mdomo wa Siq. Neno "bure" hapo lina mguu wa pili: mwenye farasi anatarajia bahashishi, na mkizozana mwishoni utakuwa umeanza siku vibaya. Patana kabla ya kupanda, au tembea tu hizo mita 800. Ndani ya Siq kuna vigari vya umeme kwa malipo, vinaishia Khazneh, na vinawafaa sana wazee na wenye matatizo ya magoti.

Punda na baghala wa kwenda Ad-Deir ni jambo jingine. Kwato zao zinalika ngazi za kale, wengi wanafanyishwa kazi kupita kiasi, na mpandaji yuko juu ya mnyama anayeteleza pembeni ya genge. Kama huwezi kupanda ngazi 800, afadhali ubaki chini ufaidi mji wa bondeni.

Watoto watakuuzia kadi na vipande vya mawe ya rangi. Hifadhi inaomba wageni wasinunue kwao, kwa sababu mauzo hayo ndiyo yanayowaweka nje ya shule. Sarafu za "kale" ni za bandia, na kama kwa bahati si za bandia, kuzitoa nchini ni kosa la jinai. Nunua shanga au ubani kwa akina mama wenye meza zao, kwa noti ndogo. Beba dinari 1 na 5 za kutosha, maana noti ya 50 bondeni haina chenji.

Maji: lita 2 kwa mtu wakati wa baridi, 3 wakati wa joto. Yanauzwa ndani, na kadiri unavyopanda ndivyo bei inavyopanda nawe. Vyoo viko langoni, karibu na ukumbi wa maonyesho na kwenye mgahawa wa bondeni. Huko juu usitegemee kupata. Viatu viwe vya soli yenye meno na viwe vimekwisha kuzoea mguu, kwani kilomita 12 hadi 18 kwa siku kwenye mchanga na jiwe lililong'arishwa na nyayo hutoa malengelenge kabla ya mchana kwa raba mpya. Sandali za wazi huingiza mchanga. Mtandio mwepesi hukinga jua asubuhi na vumbi jioni. Simu itahangaika kutafuta mtandao ndani ya Siq na kumaliza chaji, iweke hali ya ndege na pakua ramani hotelini.

Petra ya usiku, ile ya mishumaa kwenye Siq hadi Khazneh, ina tiketi yake, haimo kwenye Jordan Pass, na haifanyiki kila usiku. Kuna umati na simu nyingi zenye mwanga. Ukienda, kaa mwisho kabisa wa msururu ili uipate Siq ikiwa imetulia.

Anayebaki na nusu siku aende Petra Ndogo, Siq al-Barid, kilomita 8 hivi kaskazini, ambako hakuna kiingilio. Chumba kimoja huko kina dari yenye michoro ya mizabibu na ndege, mabaki adimu ya rangi za Wanabatea. Kutoka huko kuna pia njia ya miguu ya kuingilia Ad-Deir kwa nyuma, nzuri kwa sababu unakwepa zile ngazi 800 wakati wa kupanda. Lakini tiketi haiuzwi upande huo. Inunue kwanza kituo cha wageni Wadi Musa, na uchukue mwenyeji wa kukuongoza, kwa kuwa sehemu moja njia inapita ubavuni mwa genge na alama zake si za kutegemea.